Atakimbilia kwa Nani?

Kasongo, tarehe 12 Aprili 2024

Kwa Mama Victorine, yule wanayemwita Mama wa Majina, Kabambare.

Mama,

Nakuamkia kwanza, kazi itafuata. Hunijui. Mimi ni Mounira, nauza simenti, mabati na misumari hapa Kasongo, butiki yenye milango miwili ya buluu karibu na soko. Barua hii anakuletea Djuma wa pikipiki. Nimemwambia asirudi bila jibu, hata kama atalala kwako siku mbili. Nilitaka kukupigia simu, wakaniambia rezo ya kwenu inakuja na kuondoka kama mbuzi asiyefungwa, na hata ikiwepo, wewe habari za majina huzipokei kwa simu. Basi naandika. Tangu shule sijaandika barua isiyo ya kudai mutu kitu.

Mwaka jana nilikuwa Nyangwe kwa rafiki yangu Chadia, siku ulipoita jina la mutoto wake. Nilikwenda kula tu, nakuambia ukweli. Lakini nilikuona. Watu karibu mia tatu, Waislamu huku, Wakristo kule, wavuvi wamelewa nyuma wanatukanana, na wewe umesimama na kitambaa chako cheupe, bila sono ya kupaza sauti, ukamwinua yule mutoto ukangoja. Ulingoja tu. Hata mabata yalinyamaza. Kisha ukasema jina mara moja, wakalirudisha wote, na Chadia, ambaye nilianza naye kuuza chumvi kwa kikombe tukiwa wasichana wa miaka kumi na tatu, nikamwona anasimama kama mutu aliyetuliwa mzigo kichwani. Mimi sisifu ovyo. Kutwa napima vitu, najua kitu chenye uzito. Ile ilikuwa kazi yenye uzito.

Sasa nami nina mutoto. Wa kike, miezi mitatu. Nimemupata baada ya miaka tisa ya ndoa, na ile miaka tisa kila mutu alikuwa na neno lake. Adhana kaka yangu Souleymane ameisha kumusomea sikioni. Mume wangu, Gaston, ni Mkristo, anafundisha hesabu kwenye sekondari. Habari ya ubatizo tumesema tutaizungumza mbele, polepole. Lakini siku ya jina naitaka iwe ya watu wote, isiwe ya msikiti wala ya kanisa, na wa kuita jina uwe wewe.

Nimeisha kupanga. Jumamosi tarehe 29 Juni, mvua imekatika. Viti mia mbili, mabashi manne ya kivuli, mbuzi sita, samaki wa Nyangwe. Kila kitu kiko, wewe tu hauko.

Na jina liko: Wanyamaze. Utaliita kwa nguvu ukiangalia upande wa Lusangi. Mwenye kuelewa ataelewa.

Niambie bei yako.

Mounira

*

Kabambare, 20 Aprili 2024

Mama wa Mgeni,

Usikasirike. Mtoto ambaye bado hana jina, mimi namwita Mgeni.

Djuma amelala siku moja, amekula kama watu watatu, ameniambia kwamba wewe ni mkali lakini hupunji mizani. Hizo ni sifa mbili nzuri.

Umenisifu, na mimi sijazoea. Kwa miaka mingi nilikuwa karani. Niliandika vyeti vya kuzaliwa. Watu walipanga mstari, wakataja jina la mtoto kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa wake, wakachukua karatasi, wakaenda zao. Nilipozeeka nikajiambia, nitatafuta kile ambacho karatasi haikuwapa. Ndiyo kazi uliyoiona Nyangwe. Simu naikataa kwa sababu kwenye simu mtu anajibu kabla swali halijaisha. Kwenye barua analazimika kukaa nalo.

Bei yangu ni chakula na mtu wa kunibeba njia ile mbaya. Lakini nina masharti, na hayapunguzwi.

La kwanza: kabla sijaita jina, nazungumza na mabibi wote wawili wa mtoto, wa upande wa mama na wa upande wa baba. Aliye hai namwendea nyumbani kwake. Aliyekufa namwendea kaburini. Sijamruka bibi yeyote tangu nianze.

La pili: unijibu swali moja. Ninawauliza wote swali hilohilo, hata Chadia nilimuuliza, akakaa majuma matatu.

Siku utakapomchapa huyu mtoto, atakimbilia kwa nani?

Jina ulilolichagua nimelisoma. Sisemi kitu bado.

Victorine

*

Kasongo, 26 Aprili 2024

Mama Victorine,

Mimi sihitaji majuma matatu. Nakujibu leo, mutoto iko mgongoni, wateja wananingoja.

Bibi wa upande wangu ni marehemu mama yangu, Aziza. Alikufa miezi mitano kabla mutoto hajazaliwa. Aliacha kofia mbili za kufuma, moja ya kike, moja ya kiume, akasema, "Mungu atachagua." Kaburi lake nitakuonyesha, si mbali.

Bibi wa upande wa pili anaitwa Dieudonnée, anakaa Lusangi, na huyo usimwendee. Nakueleza kwa nini, ili usifikiri mimi ni mutu wa roho mbaya tu.

Siku ya ndoa yetu nilipika pilau mwenyewe. Bibi harusi, mikono ina hina, nakoroga sufuria, kwa sababu mpishi wa kulipwa simwamini. Ukoo wote wa Gaston ulikula, wakaomba na ukoko. Yeye alikaa pembeni mwa mukeka. Wakamuwekea sahani. Akaiangalia. Akachukua sahani nyingine akaifunika, akasimama, akatoka. Hakugusa hata punje. Jioni ileile alirudi kwao. Shangazi zangu wote waliona. Wanawake wa mtaa wakaimba wiki nzima: pilau ya Muislamu imemukaba mama mukwe!

Nikameza. Sisi huku, siku ya saba, mama wa bwana anakuja kumwangalia mukamwana ndani mwake. Anapiga hodi, anaingia, anafunua vyungu, anasema maneno, tunacheka. Siku saba nilifagia. Nilinunua mukeka mupya kwa ajili ya makalio yake. Hakuja. Siku ya saba, hakuna. Mwezi wa saba, hakuna. Miaka tisa, Mama Victorine! Mlango wangu uko wazi kutoka asubuhi mpaka jua linazama, watu wananunua hata msumari mmoja, yeye hajaukanyaga. Nikimutuma Gaston na salamu, anarudi na bidoni ya mafuta ya mawese: "Mama anakusalimu." Anasalimu kwa bidoni!

Kisha nikasikia alilolisema mbele ya watu: "Butiki hainyonyeshi mutoto." Hapo nikajua ananihesabia miaka.

Basi mutoto amekuja, na maziwa yako. Wanyamaze.

Swali lako. Siku nitakapomuchapa atakimbilia chini ya kitanda. Ao kwa Souleymane. Ao atanikimbilia mimi mwenyewe, nami nitamufuta machozi niliyomutoa. Mimi nilijisimamisha kwa chumvi ya kikombe, kutoka kikombe nikafika gunia, kutoka gunia nikafika simenti, hakuna aliyenishika mukono isipokuwa mama yangu. Na huyu atasimama.

Lusangi usiende.

Mounira

*

Kabambare, 8 Mei 2024

Mama wa Mgeni,

Nilikwenda Lusangi.

Nililala huko siku mbili. Nilichokiona sikuandikii leo, kwa sababu mtu mwenye hasira akipewa habari anaichukua kwa upande wa makali. Nina mambo mawili tu.

Wanyamaze sitaliita. Nimeita majina mengi ya kujibu majirani, na nimewaona wenye majina hayo wamekua. Wale waliotakiwa kunyamaza wamekufa zamani, wako kimya kabisa, na mtoto bado anawanyamazisha: shuleni, sokoni, siku ya harusi yake. Umemtuma kazi isiyo na mwisho.

La pili ni swali dogo. Kwa nini mabati ya butiki yako yana alama nyekundu pembeni?

Victorine

*

Kasongo, 13 Mei 2024

Mama Victorine,

Nilikukataza na ulikwenda. Wamekupa nini kule? Kuku? Bidoni?

Nilikuandikia kama mutu anayemwandikia mama yake. Nilikusifu mbele ya soko lote, nikawaambia watu, mutakuja kuona mwanamke anayenyamazisha mabata. Sasa umeisha kukaa na upande wa pili siku mbili, umekula kwao, unarudi kunifundisha kwamba hasira yangu ni mbaya. Hasira yangu ina miaka tisa na haijanikopa wala kunidanganya.

Swali lako ni la kipuuzi lakini nalijibu, kwa sababu mimi sikimbii swali. Alama nyekundu naipaka mwenyewe, kila bati, pembe ya kushoto. Kuna watu wananunua bati zuri kwangu, kesho wanarudisha bati lenye kutu la mutu mwingine wanasema, "Mama Mounira, umetupunja." Alama yangu inamaliza kesi. Kusudi ujue, hakuna bati langu linalotoka bila mimi kuligusa, na mnunuzi ninamkumbuka. Hata yule wa mabati mawili-mawili namkumbuka, Alain, mutu wa heshima, anatoka mbali na baiskeli, kila msimu wa mawese anachukua mabati mawili, hapunguzi bei, haongei. Ya mwisho aliyachukua mwaka jana, yakatimia kumi na sita. Nilimuuliza, "Baba, nyumba yako haiishi?" Akacheka tu, akaniangalia kama mutu aliyetumwa kuniangalia. Umeridhika?

Siku ya jina itabaki 29 Juni. Souleymane ataita mwenyewe. Ana sauti.

Mounira

*

Kabambare, 21 Mei 2024

Mama wa Mgeni,

Sikupewa kuku. Nilipewa sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi ya kutosha, na kitanda chenye mchago mgumu. Sasa nakuandikia nilichokiona, kwa sababu umeshajijibu nusu wewe mwenyewe bila kujua.

Lusangi kuna nyumba moja ya tofali za kuchoma. Tofali alizifyatua mwenye nyumba, mwanamke, kwa mikono yake, baada ya mumewe kufa na kumwachia watoto wanne. Alikamua mawese, akauza, akasomesha. Mmoja wa watoto akamtuma Kindu kwa mjomba wake akawe mwalimu. Nyumba ile miaka mingi ilikuwa ya nyasi juu. Sasa ina mabati. Niliyahesabu nikiwa nimelala chali, maana mvua ilinifungia ndani: kumi na sita, na kila bati lina alama nyekundu pembe ya kushoto.

Alain ni katekista wa kule. Aliyemtuma ni mama mkwe wako.

Nikamuuliza, "Mama Dieudonnée, mbona hukwenda mwenyewe?" Naandika alivyonijibu:

"Niende vipi? Mukamwana hajanipikia bugali. Mulango wake umefungwa kwangu. Lakini pesa yangu haikukatazwa kuingia."

"Na kwa nini Alain asiseme anatoka kwa nani?"

"Akisema, atanipa bure. Bati la bure linavuja maneno."

Sasa nisikilize, Mounira. Kwa ukoo wao, na mimi nilizaliwa jirani nao ninajua, mukamwana anakwenda katika jiko la mama wa bwana, anawasha moto pale, anapika bugali wa kwanza kwa mkono wake. Mama mkwe akishakula ule, ndipo chakula cha nyumba ya mukamwana kinaweza kupita kooni mwake, na ndipo anaweza kukanyaga mlango wake. Kabla ya hapo akila, ni aibu kwa mukamwana mwenyewe: watu watasema amemdharau, amemlisha kama mpita njia. Ile sahani aliifunika ili kukulinda. Aliondoka haraka ili akafagie jiko. Alikungoja kesho yake. Alikungoja juma lote. Alichonga mwiko mpya, akautundika juu ya moto. Niliuona. Miaka tisa ya moshi imeufanya mweusi kama chungu, lakini haujaingia kwenye unga hata siku moja.

Wewe ulifagia siku saba ukimngoja. Yeye naye alikuwa anafagia.

Alifikiri binti wa mjini ameliona jiko la Lusangi ni dogo. Neno la butiki hakulisema. Alilisikia kama ulivyolisikia, kwamba yeye ndiye aliyelisema, akashangaa. Analolisema mbele ya watu nalijua, kwa sababu alilisema mbele yangu mvua ilipokuwa inapiga, akinyoosha kidole juu: "Sikia. Hakuna tone. Ni mabati ya mukamwana wangu."

Sauti ya Souleymane siijui, pengine ni nzuri. Fanya unavyoona.

Victorine

*

Kasongo, 25 Mei 2024

Mama Victorine,

Gaston nilimuuliza. Anasema alitoka Lusangi kwenda Kindu ana miaka saba, mila ile aliisikia kama hadithi za wazee, hakujua kwamba mama yake bado anaishika. Mwalimu wa hesabu! Miaka tisa anabeba bidoni kwenda na kurudi, hakujumlisha.

Nina swali moja la kazi.

Bugali wa muhogo ao wa mahindi?

Mounira

*

Kabambare, 30 Mei 2024

Wa muhogo. Unga uutwange mwenyewe. Usibebe makaa ya Kasongo, usibebe sufuria yako, usitume mtu. Mwiko uko kule.

Victorine

*

Lusangi, tarehe 11 Juni 2024

Kwa mukamwana wangu Mounira, Kasongo.

Mimi Dieudonnée nasema, Alain anaandika. Nimemukataza kupamba maneno.

Mulifika salama? Djuma ameniambia mulianguka mara mbili kwenye tope na mutoto hakulia. Anatufuata sisi.

Bugali wako ulikuwa mugumu. Niliumaliza, lakini ulikuwa mugumu, nakuambia kusudi ujue ya mbele. Na unapuliza moto kama mutu wa mjini, unaogopa majivu. Kuni zilikuwa zimelowa, nilikaa nikakuangalia. Watu wote wa Lusangi walikuwa nyuma ya ua wanakuangalia nao. Umevaa vitenge vya bei, umepiga magoti, mutoto mugongoni, jasho linaanguka kwenye chungu. Hakuna aliyecheka. Mama ya Esther-Divine, jirani yangu ambaye anacheka hata kwenye kilio, hakucheka. Nilijisemea, huyu ndiye aliyetoka kwa kikombe cha chumvi akafika simenti. Sasa ninaona alifika vipi.

Moshi ulikuwa mwingi sana. Ndiyo sababu macho ya watu yalikuwa vile. Alain anaandika "moshi" maana nimemwambia aandike hivyo.

Sasa habari uliyonisemesha ukiwa unasugua chungu, ya kuniomba jina langu kwa ajili ya mutoto. Nilinyamaza, wewe ukafikiri nimefunika sahani tena. Hapana. Wewe na mimi tusianze tena kungojeana kimya, mimi nimezeeka. Nilikuwa nawaza tu. Wengine wanapewa jina la mutu aliyekufa, jina liko tupu, unaingia. Mimi niko hai, jina langu ninalitumia bado, kila siku, asubuhi na jioni. Nililala nikiangalia kama litatosha watu wawili. Linatosha. Lakini mutangulize la mama yako Aziza, yeye ndiye aliyekupika wewe, tena amefika mbele.

Ila ujue unachokichukua. Mutoto mwenye jina la mama mukwe ni mama mukwe. Hautamwita hivihivi, utamwita mama. Hautamutukana. Hautamuchapa. Nimesema mbele ya shahidi.

Nitakuja siku mbili kabla ya siku yenyewe. Viti mia mbili upunguze, watu wetu wakikaa kwenye viti hawaongei. Mimi ninasuka mikeka, nitaleta ishirini. Nikifika nitapiga hodi. Usitume mutu wa butiki kunifungulia.

Na uniwekee pilau. Tangu siku ile ninasikia harufu yake.

Ni mimi, mama yako mukwe,
Dieudonnée
(Alain ameandika)

*

Kasongo, 4 Julai 2024

Mama Victorine,

Djuma ameniambia ulifika salama na mgongo unakuuma. Nakutumia dawa ya kuchua, na mabati manne ya jiko lako, kwa sababu nililiona siku Djuma aliponionyesha picha kwenye simu yake, ni aibu. Usiniambie bei yako ni chakula tu. Yana alama nyekundu, ukiyarudisha nitayajua.

Siku yenyewe uliiona, sikusimulii. Nakuandikia yale ambayo hukuyaona, kwa sababu ulikuwa mbele na mimi nilikuwa nyuma yako.

Ulipokwenda kaburini kwa mama yangu alfajiri, ulifikiri uko peke yako. Nilikufuata kwa mbali. Nilitaka kujua unamwambia nini mutu asiyejibu. Nikakukuta umekaa chini kwenye umande, umevua viatu, unamuuliza mama yangu lile swali lako, lilelile, kama ulivyoniuliza mimi, kisha ukangoja. Ulingoja muda mrefu sana. Mimi ningekuwa nimeuza mifuko kumi. Sijui alikujibu nini, lakini uliposimama ulifuta udongo kwenye nguo yako taratibu, kama mutu aliyepata anachokitaka, nikarudi mbio kabla hujaniona. Ninawajua watu wanaofanya kazi vizuri watu wakiwaangalia. Wanaofanya vilevile wakiwa hawaangaliwi, nilikuwa namjua mama yangu tu. Sasa ni wawili. Nikiangalia mabati kumi na sita ya mama mukwe, ni watatu.

Kisha ulipomwinua mutoto na ukangoja, mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimeomba jina, nimepewa, nimepika, na bado nilikuwa naogopa mutu atacheka, kwamba Muislamu wa Kasongo amempa mutoto jina la mama wa Lusangi aliyeikimbia pilau yake. Ukasema, "Aziza Dieudonnée." Na wa kwanza kurudisha alikuwa shangazi yangu, yule mkubwa aliyeanzisha wimbo wa pilau. Alirudisha kwa nguvu hata kikohozi kikamushika.

Mama mukwe alikula sahani tatu. Alisema chumvi ni kidogo. Ukoko aliuomba mwenyewe.

Hajarudi kwao. Anasema mikeka inangoja kukauka, na mikeka imekauka. Anakaa mlangoni pa butiki, mlango wa kulia, na kila mutu anayegusa bati anamwambia, "Chukua, halivuji, nina kumi na sita." Juma hili nimeuza kuliko Aprili nzima. Nilimwambia nitamlipa kazi hiyo, akakasirika kabisa, tukanyamaziana karibu saa nzima, kisha yeye mwenyewe akasema, "Tulisema hatutafanya hivi," tukacheka mpaka wateja wakatushangaa.

Sasa jibu la swali lako, Mama, maana lile la kwanza nililijibu kwa haraka na wewe uliliacha tu pale.

Jana mutoto iko mapajani mwangu, nahesabu misumari. Akaukamata mkufu wangu, ule wa shanga za dhahabu wa marehemu mama, akauvuta kwa nguvu yote, ukakatika. Shanga zikaingia kwenye misumari. Nikainua mukono. Kwa mchezo tu, wallahi, mutu wa miezi mitano nani anaweza kumuchapa? Nimeuinua tu hivi.

Kutoka mlango wa kulia nikasikia sauti: "Mounira! Unamwinulia nani mukono?"

Na mutoto ananitazama usoni, ameshika kipande cha mkufu, hana hata wasiwasi. Anajua. Sijui nani amemwambia, lakini anajua.

Nikashusha mukono. Nikasema, "Nisamehe, mama."

Na mpaka sasa nakuandikia, sijui nilikuwa namwomba yupi.

Ni mimi, mama ya Dieudonnée, na mukamwana wa Dieudonnée,

Mounira